Unga Unaokula Wanga: Tujue Tunachokipumua

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na wa mashambani,

Huku Minago, na katika mwambao wote wa ziwa kwenda Rumonge mpaka Nyanza-Lac, hakuna asiyeujua muhogo. Ndio ugali wetu, na kwa wengi wetu ndio ada ya shule ya watoto. Kila mtoto hufundishwa mapema kwamba muhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Sharti umenywe, uloekwe siku kadhaa mpaka uchachuke na kulainika, uanikwe, ndipo usagwe. Hiyo ndiyo ikivunde tunayoijua sote. Usipofanya hivyo, muhogo unabaki na sumu ya sianidi. Sumu hiyo imeua watu, na katika sehemu za Kongo, Tanzania na Msumbiji imewapoozesha watu miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Sumu hiyo haikutiwa na mtu. Ni kitu cha asili kabisa.

Tumeanza na muhogo kwa sababu neno hili "asili" sasa linatumiwa kuwanyamazisha wafanyakazi. Viwanda vya nguo, vya bia na vya mikate hutumia dawa inayokata wanga. Huja katika mapipa na magunia kutoka nchi za mbali. Mfanyakazi anayeipima akiuliza, "Dawa hii ni nini, na mbona kifua kinanibana?" hujibiwa, "Usiogope, hii si kemikali. Ni kitu cha asili, inatoka kwa vijidudu, kama pombe ya bibi yako." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Sisi wa sendika tunataka nusu ya pili nayo isemwe. Na ili tuidai, lazima kwanza tuijue dawa yenyewe na jinsi inavyotengenezwa. Asiyejua hupewa jibu lolote akaondoka nalo.

DAWA HII NI NINI?

Wanga wa muhogo, wa mahindi, wa mtama na wa viazi ni mnyororo mrefu wa sukari. Punje za sukari zimeshikana moja baada ya nyingine, ndiyo maana unga hauna utamu. Ili upate utamu lazima mnyororo ukatwe. Kinachoukata huitwa kimeng'enya. Kinafanya kazi kama panga: hakikwishi kwa kukata mara moja, bali kinaendelea kukata mnyororo mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kidogo tu kinatosha kwa wanga mwingi.

Kila mmoja wetu anacho. Tafuna kipande cha mkate muda mrefu bila kumeza, utaona kinaanza kuwa kitamu. Ni mate yako yameanza kukata wanga. Mama anayepika impeke naye anakijua kwa kazi, hata kama hajui jina lake. Analoweka mtama, anauacha uote, anaukausha, anausaga. Kwa nini asipike mtama mkavu tu? Kwa sababu mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vyake ili ikate wanga wake na kupata chakula cha kukua. Mama anaiba kazi hiyo ya mbegu. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikitoa kimeng'enya hicho katika nafaka iliyooteshwa na wakakipa jina. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kale kuliko wao.

Lililokuja baadaye ndilo linalotuhusu. Mwaka 1917 Boidin wa Ufaransa na Effront wa Ubelgiji walipata hati za kulinda njia yao ya kutoa kimeng'enya hicho kwa bakteria badala ya nafaka. Walikuwa wanatafuta dawa ya viwanda vya nguo. Tangu hapo bakteria amekuwa mfanyakazi wa kiwandani kama sisi.

WANAITENGENEZAJE?

Bakteria wanaotumika zaidi ni wa jamii ya Basilasi, ambao hukaa udongoni na kwenye majani makavu. Bakteria hana mdomo wala meno, hawezi kumeza wanga mzima. Kwa hiyo hutoa kimeng'enya nje ya mwili wake, kikakate wanga huko nje, kisha yeye hunyonya sukari iliyopatikana. Hiyo ndiyo faida kwa mwenye kiwanda. Si lazima amponde bakteria ili kupata mali, kwa sababu mali imo tayari katika maji aliyomo.

Kazi huanza na ukoo mmoja wa bakteria uliochaguliwa kwa sababu unatoa kimeng'enya kwa wingi. Koo nyingine zimebadilishwa na wataalamu ili zitoe zaidi. Wanawekwa kwanza katika chupa ndogo, wakizaana wanahamishiwa tangi dogo, kisha tangi kubwa la makumi ya maelfu ya lita. Chakula chao si cha ajabu: wanga wa mahindi, wa viazi au wa muhogo, unga wa soya, na chumvichumvi kidogo. Kabla ya kuwaingiza, tangi na chakula chote huchemshwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 ili kuua kila kijidudu kingine. Mgeni mmoja akipenya, atakula chakula na kuharibu tangi zima. Kisha tangi hupozwa mpaka joto karibu na la mwili wa mtu, yaani nyuzi 37 au zaidi kidogo kwa koo nyingine.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Bakteria hawa wanataka hewa usiku na mchana, tena hewa iliyochujwa. Pampu zinapuliza, panga boi kubwa linakoroga, mfanyakazi anaangalia joto, uchachu na povu. Kazi hiyo huchukua siku mbili mpaka tano bila kusimama. Umeme ukikatika, hewa inakatika, na bakteria hawasubiri. Sisi tunaoishi Burundi tunaelewa maana ya sharti hilo. Ndiyo sababu moja mali hii inatoka mbali, ingawa chakula chake kinaota hata kwetu.

Siku zikitimia tangi hupozwa. Bakteria huchujwa na kutengwa. Nchini Denmark, ambako kazi hii ni kubwa, mabaki yao hupelekwa mashambani kuwa mbolea. Maji yenye kimeng'enya hupitishwa katika chujio laini sana mpaka yawe mazito. Kisha mwenye kiwanda huchagua. Anaweza kuyauza yakiwa majimaji, au kuyakausha yawe chengachenga, au yawe unga.

Ndugu, shikeni hapo. Katika kuchagua huko, majimaji, chenga au unga, ndipo penye afya ya mfanyakazi.

INATUSAIDIA NINI?

Hatusemi dawa hii ni mbaya. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo za pamba, kama COTEBU ya Bujumbura iliyojengwa kwa msaada wa China, au Urafiki ya Dar es Salaam, anajua kwamba nyuzi za mtande hupakwa wanga zisikatike wakati wa kufuma. Baadaye wanga huo lazima utoke, la sivyo kitambaa hakishiki rangi. Zamani wanga ulitolewa kwa tindikali, au kitambaa kililowekwa mpaka wanga uoze. Tindikali ilikula kitambaa, na ilikula ngozi ya mfanyakazi vilevile. Kimeng'enya hula wanga peke yake na kuacha pamba. Ukitaka kujua kama kazi imekwisha, dondoshea tone la iodini: likigeuka buluu, wanga bado upo.

Kwa wakulima nao kuna faida. Nijeria ilipopiga marufuku kuingiza shayiri iliyooteshwa mwaka 1988, viwanda vya bia vilihamia mtama na mahindi, na vimeng'enya vya kununua ndivyo vilivyoikata wanga yake. Uganda ilianza kuuza bia ya mtama ya Eagle mwaka 2002, na wakulima wake wakapata soko. Msumbiji mwaka 2011 ilianza kuuza bia ya muhogo iitwayo Impala. Muhogo hauoti kama mbegu ya mtama, kwa hiyo panga la kuukata lazima litoke kwingine. Mkulima wa muhogo wa Minago anaweza kuona mwenyewe jambo hilo linaelekea wapi.

Kwa hiyo dawa hii itazidi kuja. Swali letu ni moja: itakuja kwa masharti ya nani?

NUSU YA PILI YA UKWELI

Katika miaka ya 1960 viwanda vya sabuni vya Ulaya vilianza kutia kimeng'enya katika sabuni ya unga. Kilikuwa cha aina nyingine, cha kukata uchafu wa damu na maziwa, lakini kilitoka kwa ndugu wa bakteria hawa hawa na kilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya tangi. Kilikuja kikiwa unga mkavu. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walitangaza kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni hiyo wamepata ugonjwa wa kifua: kukohoa, kubanwa na pumzi, pumu. Hawakuumizwa na moshi wala tindikali. Waliumizwa na kitu cha asili.

Sababu yake ni hii. Kimeng'enya ni protini. Protini ngeni ikiingia kifuani mara kwa mara, mwili wa mtu mwingine huanza kuiona kuwa adui. Kuanzia hapo chembe kidogo tu inatosha kumwangusha. Mwenzake aliye kando yake hasikii kitu, naye msimamizi anasema, "Mbona huyu mwingine haumwi? Wewe ni dhaifu." Si udhaifu. Mwili wake umekwisha kuzindushwa, na mara nyingi hautulii tena maadamu anaendelea kuvuta vumbi lile.

Wala kimeng'enya cha kukata wanga hakina msamaha. Kile cha kutiwa katika unga wa ngano ili mkate uumuke vizuri, ambacho hutolewa kwa ukungu, kimewatia pumu waoka mikate katika nchi nyingi.

Viwanda vya sabuni vilipobanwa, vilifanya nini? Havikuacha kutumia kimeng'enya. Vilianza kukifunga ndani ya chenga zilizopakwa nta ili kisiruke, vikafunika mitambo, vikaweka mashine za kunyonya vumbi. Wagonjwa wakapungua sana. Maana yake dawa ya ugonjwa huu inajulikana zaidi ya miaka 50 sasa. Anayempa mfanyakazi leo unga mkavu aupime kwa kopo, bila kinga, hawezi kusema kwamba jambo hili ni jipya.

Mjue pia ukubwa wa hatari. Kwa kile kimeng'enya cha sabuni, wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wameweka mpaka: hewa ya mita moja ya ujazo isizidi nanogramu 60. Chukua gramu moja, igawe mafungu bilioni moja, hesabu mafungu 60. Hayo hayaonekani kwa macho. Kwa hiyo msimamizi anayesimama mlangoni akasema, "Mimi sioni vumbi," hajajibu swali.

WANAYOTUAMBIA

Wanatuambia kwamba hii si kemikali, kwa hiyo sheria za kemikali haziihusu. Shirika la Kazi Duniani limekwisha kulijibu hilo. Mkataba wake namba 170 wa mwaka 1990, unaohusu usalama katika matumizi ya kemikali, unasema wazi kwamba kemikali ni pamoja na za asili. Tena unasema kwamba ingawa hauhusu viumbe hai wenyewe, unahusu kemikali zinazotokana nao. Bakteria ni kiumbe hai. Kimeng'enya kilichotoka kwake ni kemikali. Mkataba hufunga nchi iliyouridhia, lakini maana hiyo ni hoja tosha ya kuweka mezani mbele ya mwajiri yeyote.

Wanatuambia kwamba kinga ni ghali. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi wa Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama wa shirika hilo inapaswa kuziheshimu, Burundi ikiwemo. Na zaidi ya sheria, kununua majimaji badala ya unga si kujenga kiwanda kipya. Ni kuandika neno jingine katika karatasi ya kuagizia mali.

Wapo pia wenzetu wanaosema tunyamaze, kazi ni haba, kijana aliyetoka Minago kutafuta kibarua Bujumbura asije akarudishwa kwa ajili ya maneno. Hofu hiyo tunaielewa, wala hatuichezei. Lakini mtu mwenye pumu hapigi makasia, habebi mikungu ya michikichi, halimi. Akirudishwa nyumbani na kifua kilichokufa, hata kazi za kwao hawezi tena. Kunyamaza hakumlindi kibarua wake. Kunamwahirishia tu siku ya kuupoteza.

TUNACHODAI

Kwa hiyo kila tawi penye dawa hii lipeleke madai haya, kwa maandishi, kwa jina la wafanyakazi wote na si la mtu mmoja:

1. Dawa inunuliwe ikiwa majimaji, au chenga zilizofungwa. Unga mkavu uwe wa mwisho kabisa, na pawe na sababu.

2. Pa kupimia patengwe, pawe na mashine ya kunyonya hewa. Majimaji nayo yasirushwe kama mvua, kwa kuwa mnyunyizo wake huingia kifuani vilevile.

3. Kilichomwagika kisifagiliwe kikavu wala kisipulizwe kwa hewa ya pampu. Kilowanishwe kwanza, kisha kifutwe.

4. Barakoa iwe ya kuzuia vumbi jembamba, yenye kumkaa mtu usoni. Kitambaa cha kufunga puani si kinga.

5. Karatasi ya usalama inayokuja na dawa isifungiwe ofisini. Isomwe kwa wafanyakazi kwa Kirundi na Kiswahili, maana huandikwa kwa lugha za wauzaji.

6. Kabla mtu hajapewa kazi hii apimwe pumzi, na apimwe tena kila baada ya muda. Aliyeanza kuugua ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

7. Kila mfanyakazi, na kibarua pia, aandikishwe INSS. Pumu inayoletwa na vitu vya kazini imo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010. Lakini asiyeandikishwa, ugonjwa wake utaitwa mafua.

Na ninyi wenyewe, msisubiri barua ijibiwe. Kila tawi liwe na daftari. Mwandike nani anapiga chafya, nani macho yanamwasha, nani kifua kinambana jioni baada ya zamu au usiku, na kama anapata nafuu siku za mapumziko kisha anaumwa tena akirudi kazini. Dalili ya mvua ni mawingu. Daftari la miezi mitatu lina nguvu mbele ya daktari na mbele ya mkaguzi wa kazi kuliko kelele za siku moja.

Mwisho, tunadai elimu. Vijana wetu wasifundishwe kumwaga kopo ndani ya tangi tu. Wafundishwe kwa nini joto hili na si lile, kwa nini tone la iodini linageuka buluu, kwa nini tangi lisafishwe kwa mvuke. Mama wa Minago anaweza kulisha muhogo mchungu salama kwa sababu anajua hatari yake iko wapi na inaondolewa vipi. Hakuna aliyemwambia "ni kitu cha asili, kula tu." Ujuzi wa namna hiyo hiyo ndio tunaoutaka kiwandani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkutano wa tawi unaofuata, wekeni jambo hili katika ajenda, na mtuletee majina ya viwanda vinavyopima unga huu mkavu.

Umoja wetu ndio kinga yetu.